Ulinzi wa Visiwa vya Mbali: Jinsi Japani Ilivyopanga Askari Wake wa Nchi Kavu

Mtu akisikia habari za ulinzi wa kisiwa, hufikiri kwanza manowari na ndege. Hakosei, kwa maana adui hana njia ya kufika kisiwani ila kwa bahari au kwa anga. Lakini manowari haiwezi kukaa mahali pamoja mwaka mzima, na ndege hapana budi itue. Anayebaki kisiwani usiku na mchana ni askari wa nchi kavu, na kazi yake ina taratibu ambazo watu wengi hawazijui. Leo tutaeleza taratibu hizo kwa mfano wa Japani, nchi ambayo tangu mwaka 2016 imebadili sana mpango wa majeshi yake kwa ajili ya visiwa vyake vya kusini-magharibi.

Visiwa hivyo huitwa Nansei. Vimepangika kama shanga kutoka kisiwa kikubwa cha Kyushu mpaka karibu na Taiwan, mwendo wa kilomita 1,200 hivi, ambao wapita urefu wa njia ya gari kutoka Mombasa mpaka Kampala. Cha mwisho kabisa ni Yonaguni, kisiwa kidogo chenye wakazi 1,700 hivi, ambao miongoni mwao wamo wavuvi, wakulima wa miwa na wafugaji wa ng'ombe. Kutoka hapo mpaka Taiwan ni kilomita 110 hivi, karibu sawa na mwendo wa Mombasa na Malindi. Lakini mpaka Tokyo, mji mkuu wa nchi yao, ni kilomita 2,000 hivi.

Kwa miaka mingi Yonaguni haikuwa na kambi ya jeshi. Waliokuwa na silaha za Serikali kisiwani ni polisi wawili, kila mmoja na bastola yake. Sababu yake ni hii. Jeshi la Kujilinda la Japani lilipoanzishwa mwaka 1954, hofu kubwa ilikuwa upande wa kaskazini, kwa Muungano wa Kisovieti. Kwa hiyo askari wengi na vifaru viliwekwa Hokkaido. Muungano ule ulivunjika mwaka 1991, na baadaye nguvu za China baharini zikazidi kukua. Kadhalika pana ugomvi juu ya visiwa visivyo na watu ambavyo Wajapani huviita Senkaku na Wachina huviita Diaoyu. Ugomvi huo ulizidi mwaka 2012, Serikali ya Japani iliponunua vitatu miongoni mwavyo kutoka kwa mwenyewe. Hapo ndipo wakuu wa Japani walipoona kwamba askari wao wamekaa upande mmoja wa nyumba, na mlango u wazi upande wa pili.

Huenda msomaji akauliza: Kwa nini basi wasiweke askari wengi katika kila kisiwa? Jibu Wajapani walilipata kwa uchungu. Katika Vita Kuu ya Pili waliweka askari katika visiwa vingi vya bahari ya Pasifiki. Wamarekani hawakuvishambulia vyote. Vingine walivipita tu, wakazuia meli za chakula zisifike. Katika kisiwa cha Wake maelfu ya askari wa Japani walikaa na bunduki zao bila ya adui kutua, na wengi wakafa kwa njaa kabla ya kusalimu amri Septemba 1945. Fundisho lake ni kwamba askari wa kisiwani asiyeweza kufikiwa na meli ni kama mfungwa, hata akiwa hodari namna gani.

Kwa hiyo mpango wa siku hizi una sehemu tatu, na kila moja yaitegemea nyingine.

Sehemu ya kwanza ni macho. Tarehe 28 Machi 2016 kambi ilifunguliwa Yonaguni, yenye askari 160 hivi na mitambo ya rada. Hawa hawakupelekwa kupigana na jeshi zima, kwa kuwa hawatoshi. Kazi yao ni kuangalia meli na ndege zinazopita, na kupeleka habari kwa wakuu wao mara moja. Kujua mapema kwamba meli fulani inakuja kwaweza kufaa kuliko bunduki nyingi zilizochelewa.

Sehemu ya pili ni ngao. Mwezi wa Machi 2019 kambi zilifunguliwa katika visiwa vya Amami Oshima na Miyako, na Machi 2023 ikafuata kambi ya Ishigaki, yenye askari 570 hivi. Katika visiwa hivi askari wamegawanyika katika kazi tatu. Wako askari wa miguu wa kulinda kambi na bandari. Wako wenye makombora ya kupiga meli. Na wako wenye makombora ya kupiga ndege. Makombora hayo hayakujengewa ngome ya saruji, bali hubebwa juu ya malori makubwa. Mzinga uliosimama mahali pamoja hujulikana na kupigwa siku ya kwanza. Bali lori laweza kupiga, kisha likaondoka na kujificha nyuma ya kilima. Mwaka 2024 kikosi kingine cha makombora kiliwekwa Katsuren, katika kisiwa cha Okinawa. Mlango wa bahari kati ya Okinawa na Miyako, ambao manowari za China hupitia kwenda Pasifiki, sasa unaangaliwa kutoka pande zote mbili.

Sehemu ya tatu ni msaada, yaani askari wasiokaa katika visiwa hivyo lakini walio tayari kwenda. Machi 2018 Japani iliunda brigedi ya askari wa kutua pwani, makao yake Ainoura katika mji wa Sasebo, Kyushu. Ilianza na rejimenti mbili, watu 2,100 hivi, na rejimenti ya tatu ikaongezwa Machi 2024. Hufundishwa kuogelea na silaha, kwenda kwa mashua ndogo usiku, na kutua kwa magari ya chuma yaendayo majini na nchi kavu pia. Wamepata mafunzo mengi pamoja na askari wa Marekani wa kazi hiyo. Ikiwa adui atakitwaa kisiwa, hao ndio watakaotumwa kukirudisha.

Msaada huu hauna maana bila ya vyombo vya kuuchukua. Ndege za Osprey, ambazo hupaa kama helikopta na kuruka kama eropleni, zilikuwa zikikaa Kisarazu karibu na Tokyo, mbali na Sasebo. Ilipofika Julai 2025 zikaanza kuhamishiwa kambi mpya ya Saga, Kyushu, ili askari na ndege zao wawe karibu. Machi 2025 kiliundwa pia kikosi cha meli za uchukuzi, makao yake Kure, ambacho wengi wa watu wake ni askari wa nchi kavu waliofundishwa ubaharia. Meli zake nyingine ni ndogo kwa makusudi, kwa sababu visiwa vingi havina gati ya meli kubwa.

Hata hivyo, liko jambo ambalo haliwezi kupakiwa melini, nalo ni ridhaa ya wenyeji. Watu wa Okinawa hawajasahau mwaka 1945. Vita vilivyopiganwa huko kutoka Aprili mpaka Juni vilikula roho za watu zaidi ya 200,000, na karibu nusu yao walikuwa raia wa Okinawa. Kule Ishigaki na visiwa jirani maadui hawakutua kabisa. Lakini jeshi la Japani lenyewe liliwahamisha wenyeji na kuwapeleka katika sehemu zenye mbu, na watu zaidi ya 3,000 walikufa kwa malaria. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi; na watu hawa ndio waliokuwa nyasi.

Kwa ajili hiyo, habari za kambi zilipofika Yonaguni, wenyeji waligawanyika. Wengine walisema askari wataleta usalama, pamoja na watoto shuleni na wateja madukani, kwani idadi ya watu kisiwani ilikuwa ikipungua. Wengine walisema kisiwa kisicho na makombora hakina sababu ya kupigwa makombora. Februari 2015 walipiga kura: 632 walikubali na 445 walikataa. Kambi ikajengwa, lakini shaka ya wale waliokataa haikwisha.

Machi 2025 Serikali ilitangaza mpango wa kuwahamisha watu 120,000 hivi, wakazi na wageni, kutoka Yonaguni, Ishigaki, Miyako na visiwa jirani, ikiwa hatari itakaribia. Watapelekwa Kyushu na Yamaguchi kwa meli na ndege, kwa muda wa siku 6 hivi. Mpango huo ni wa lazima, lakini una shida yake. Siku hizo hizo ambazo raia watahitaji bandari na viwanja vya ndege ili watoke, askari nao watavihitaji ili waingie. Mkuu atakayeamua nani atangulie atakuwa na mzigo mzito kuliko wa kombora lolote.

Basi, ulinzi wa kisiwa cha mbali haupimwi kwa wingi wa bunduki peke yake. Wahitaji macho ya kuona mapema, ngao ya kumchelewesha adui, msaada unaofika kwa wakati, na njia ya kuwaokoa watu wa kisiwa chenyewe. Likikosekana la mwisho, hayo mengine yatakuwa yamelinda mawe na mchanga tu. Askari aliyetumwa huko amefaulu kweli iwapo miaka yake itapita bila ya kupiga hata kombora moja, na mvuvi wa Yonaguni akarudi na samaki wake jioni kama kawaida.