Herufi Nene Zilizoinama: Sura, Matumizi na Neno «moto»

Herufi zilizoinama, yaani italiki, zina asili ya Italia. Mwaka 1501, Aldus Manutius wa Venezia alichapa kitabu cha Vergilius kwa herufi ndogo zilizochongwa na Francesco Griffo kwa kufuata mwandiko wa mkono. Hizo zilikuwa nyembamba, za kusomwa ukurasa baada ya ukurasa. Herufi nene za matangazo zilikuja katika karne ya 19. Mfano mzuri wa karne ya 20 ni Cooper Black ya Oswald Cooper, iliyotolewa Chicago mwaka 1922, ambayo baadaye ilipata pacha wake aliyeinama, Cooper Black Italic.

Tuitazame sura yake. Mistari ni minene, ncha ni za mviringo, hakuna kona kali, na matundu yaliyo ndani ya a na e ni madogo. Unene unaita jicho kutoka mbali; kuinama kunaleta mwendo. Ni sauti ya mpiga mbiu, si ya msimulizi. Kwa hiyo inafaa jalada, afishi, au kichwa cha maneno mawili matatu, kikiwa kikubwa na chenye nafasi kukizunguka. Katika aya nzima matundu hujaa wino na msomaji huchoka. Haifai pia mifano ya isimu, kwa kuwa kwetu italiki ina kazi yake tayari: kuonyesha neno linalochambuliwa.

Kwa lugha zetu kuna jambo zito zaidi. Katika Kilingala, moto ni mtu, motó ni kichwa, na mɔ́tɔ ni moto unaowaka. Kinachotenganisha maneno haya ni alama ya toni na uwazi mdogo upande wa kushoto wa ɔ. Katika herufi nene, uwazi huo ndio wa kwanza kuziba. Kinyume chake, Kiswahili hakihitaji herufi za ziada wala alama za toni, ndiyo maana tatizo hili huwa halionekani kwenye afishi zake.

Kuinama nako kuna hatari yake. Katika italiki halisi herufi hubadili umbo: f mara nyingi hushusha mkia chini ya mstari, na v huweza kuviringika chini. Kwa Kiewe cha Ghana na Togo hilo ni tatizo, maana f na ƒ ni herufi mbili, na v na ʋ vilevile: eve ni «mbili», Eʋe ni jina la lugha yenyewe.

Tena, fonti nyingi za mapambo hazina ɔ wala ɛ kabisa. Kompyuta huazima herufi hiyo kutoka fonti nyingine, ikatokea nyembamba na imesimama wima katikati ya wenzake. Hapo mpangaji huona aibu, akaweka o ya kawaida. Neno limebadilika, na hakuna aliyelisahihisha.

Basi kabla ya kuchagua fonti ya kichwa, andika kwanza moto, motó, mɔ́tɔ kwa ukubwa utakaochapwa, kisha usimame hatua chache nyuma. Ukiweza kuyatofautisha matatu, fonti inafaa. Usipoweza, badilisha fonti, si tahajia.