Spika Aliyekataa Kuvutia Ngozi Kwake

Wahenga walinena: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Ndiyo desturi ya wanadamu, na wanasiasa ndio mabingwa wake. Basi akitokea mtu aliyekabidhiwa ngoma ya umma, chama chake kikamwamuru avute, naye akakataa, huyo anastahili kutajwa. Somnath Chatterjee, Mbengali wa Bara Hindi, alikuwa mtu wa namna hiyo.

Alizaliwa tarehe 25 Julai 1929 mjini Tezpur, jimbo la Assam. Alisoma Calcutta, kisha Cambridge, Uingereza, akarudi kuvaa joho la wakili katika Mahakama Kuu ya Calcutta. Kazi hiyo ilikuwa ya nyumbani, kwani babake, Nirmal Chandra Chatterjee, alikuwa wakili na mbunge, tena kiongozi wa Hindu Mahasabha, chama kilichopigania siasa za Kihindu. Lakini katika siasa mwana alishika njia yake: mwaka 1968 alijiunga na Wakomunisti wa chama cha CPI(M).

Mwaka 1971 aliingia Lok Sabha, ndilo Bunge la wajumbe wanaochaguliwa na wananchi, na kwa jumla alichaguliwa mara 10. Mwaka 1984 aliangushwa na mwanasiasa chipukizi, Mamata Banerjee. Mwaka uliofuata akarejea kwa uchaguzi mdogo wa Bolpur. Tarehe 4 Juni 2004 alifanywa Spika bila kupingwa. Ni katika enzi yake, Desemba 2005, ambapo Lok Sabha iliwafukuza wajumbe wake 10 kwa kupokea fedha ili waulize maswali Bungeni.

Mtihani wake mwenyewe ulimfika Julai 2008. CPI(M) iliacha kuiunga mkono serikali ya Manmohan Singh kwa sababu ya mapatano ya nyuklia na Marekani, ikamtaka Chatterjee ashuke kitini ili naye apige kura ya kuiangusha. Chama kilikuwa na hoja: ubunge aliupata kwa tiketi yake, na nidhamu ya Wakomunisti haina lakini. Hoja ya Chatterjee ilikuwa ya kiwakili: Spika si wa chama, na kwa Katiba ya India hapigi kura ila kura zikilingana.

Tarehe 22 Julai aliongoza kikao kilichojaa makelele. Serikali ikaokoka kwa kura 275 dhidi ya 256. Kesho yake chama kikamfukuza, baada ya miaka 40 ya utumishi. Uspika aliendelea nao hadi mwaka 2009, kisha hakugombea tena.

Alifariki Kolkata tarehe 13 Agosti 2018, akiwa na umri wa miaka 89. Mwili wake ulitolewa kwa ajili ya masomo ya utabibu, na jamaa zake walikataa usifunikwe bendera ya chama.

Ngoma ya umma aliiwamba sawasawa, na gharama yake aliilipa mwenyewe.