Mbwa Husema Kabla ya Kuuma

Ndugu msomaji, wewe unayefanya kazi ya usiku, jambo hili umeliona. Alfajiri unarudi nyumbani, kofia ya kazi kichwani, viatu vizito miguuni, mfuko begani. Unafika mlangoni mwa lupango, na mbwa uliyemlea tangu udogo wake, anayekula bukari kila siku mkononi mwa bibi yako, anakurukia kwa makelele kana kwamba wewe ni mwizi. Unamtukana. Pengine unamtupia jiwe. Mara upepo unageuka, anainua pua, mkia unaanza kucheza, naye anakujia akijikunjakunja na kulialia kama mtu aliyemkosea baba yake.

Mbwa huyo hana wazimu. Hakukutambua tu. Macho yake yanaona gizani kuliko yetu, na kitu kinachotembea anakiona kutoka mbali, lakini kitu kilichosimama hakioni sawasawa. Rangi nazo anazijua chache: bluu na njano anazitofautisha, bali nyekundu na kijani hazitofautishi vizuri. Basi, kofia imebadili umbo la kichwa chako, viatu vimebadili mwendo wako, grisi na vumbi vimefunika harufu yako, na harufu kwa mbwa ndiyo kitambulisho. Dawa si jiwe. Simama, vua kofia, mwite kwa jina kabla hujafungua mlango. Sauti yako haibadilishwi na kofia.

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza habari za kofia, mikanda na ngazi. Leo tunazungumza habari za mbwa, kwani ajali haimngoji mtu shimoni peke yake. Ajali nyingine inamngoja mtoto wake nyumbani, karibu na sahani ya mbwa. Na watoto wengi wanaoumwa hawaumwi na mbwa mgeni aliyetoka porini. Wanaumwa na mbwa wa kwao, au wa jirani, wanayemjua kwa jina.

Kila mtu wa kazi ya shimo anajua sheria hii: kabla ya kulipua baruti, sireni inalia. Ikilia, hakuna mwenye akili anayebaki pale kubishana nayo. Mbwa naye ana sireni yake. Shida ni kwamba inaanza polepole sana, bila kelele, nasi tunangoja mpaka tuone meno.

Angalieni vizuri. Mtoto anamkumbatia mbwa shingoni. Mbwa anageuza uso pembeni. Anajilamba pua, wala hakuna chakula. Anapiga mwayo, wala hana usingizi. Masikio yanalala nyuma, na weupe wa jicho unaonekana kando kama mwezi mchanga. Hapo mama anacheka na kusema, "Tazama, mbwa anampenda mtoto." La, mama. Mbwa anasema: nimechoka, niondolee mtu huyu. Mwondoe mtoto wakati huo, pole pole, wala usimpigie mbwa kelele.

Kama hakuna aliyesikia, sireni inapanda. Kinywa kilichokuwa wazi kinafungwa ghafla. Mwili mzima unakuwa mgumu kama ubao. Manyoya ya shingo na ya mgongo yanasimama. Mdomo unainuka, meno yanaonekana, na sauti ya kunguruma inatoka kifuani. Baada ya hapo ni kuuma.

Na mkia? Watu wengi wanasema mbwa anayetikisa mkia hana neno. Kuna waliopata kovu kwa kuamini hivyo. Mkia unaotikiswa unaonyesha tu kwamba moyo wa mbwa umechemka. Hausemi umechemka kwa furaha au kwa hasira. Mkia unaokwenda huku na huku kwa ulegevu, mpaka kiuno chote kinacheza pamoja nao, ni wa rafiki. Mkia ulioinuliwa juu, mgumu, unaotetemeka kwa haraka haraka, ni wa mtu anayekunja ngumi. Tena wako mbwa ambao mkia wao hausemi mengi kabisa. Mbwa wa uwindaji wa kwetu Kongo, yule mwenye masikio yaliyosimama, mikunjo usoni na mkia uliojikunja mgongoni kama pete, ni wa namna hiyo. Habweki kama wengine, ndiyo maana wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni wapate kujua yuko wapi katika majani. Wazungu walimpeleka kwao, na mwaka 1937 alionyeshwa London, watu wakamshangaa. Walimwita Basenji, jina ambalo kwetu sisi ni tusi kuliko kuwa jina! Kama mbwa wako ana damu hiyo, usingoje sauti wala mkia. Soma mwili, masikio na macho.

Sasa tufike kwenye kosa kubwa, ambalo baba wengi tunalifanya tukidhani tunafundisha.

Chukua lupango yoyote ya kambi. Mbwa anakula mfupa. Mtoto wa miaka mitatu anamkaribia. Mbwa anaacha kutafuna, anainamia mfupa wake bila kutikisika, kisha ananguruma. Baba anakuja na fimbo, anampiga mbwa mpaka analia. Majirani wanasema: vema, amfundishe adabu. Na kweli mbwa amejifunza. Amejifunza kwamba kunguruma kunaleta fimbo. Hakujifunza kumpenda mtoto karibu na mfupa. Hofu yake iko palepale, hata imeongezeka, kwani sasa mtoto akikaribia, fimbo nayo inakaribia. Wiki nyingine mtoto anarudi, mbwa hangurumi. Anauma mara moja, usoni, maana uso wa mtoto uko sawasawa na kinywa cha mbwa. Na watu wote wanasema, "Ameuma bila sababu, hata sauti hakutoa!"

Ndugu, kama kapita angekata waya wa sireni kwa sababu kelele zake zinamchosha, ungekubali kushuka shimoni naye? Mbwa anayenguruma anakutendea mema. Mshukuru kwa moyo, mwondoe mtoto, kisha upange mambo ya nyumbani: mbwa ale mahali pake peke yake, na mtoto asimkaribie anapokula, anapolala au anaponyonyesha. Watoto wadogo wasiachwe na mbwa peke yao, hata mbwa mpole, hata kwa muda wa kuteka ndoo moja ya maji.

Ninyi watoto wakubwa mnaokwenda masomo, mbwa msiyemjua akiwajia njiani, msikimbie. Anayekimbia anafukuzwa. Simameni kama mti, mikono chini, msimtazame machoni, mnyamaze. Atanusa, atachoka, atakwenda zake. Akimwangusha mtu, ajikunje na kufunika shingo na masikio kwa mikono.

Kuhusu mwili wa mbwa kuna maneno mengi yasiyo ya kweli. Pua kavu si alama ya homa. Pua inakauka hata kwa usingizi au kwa kulala juani. Akihema huku ulimi uko nje, anajipoza, sababu mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, isipokuwa kidogo chini ya nyayo. Ukimgusa ukamwona ana moto, ni kawaida yake: joto lake ni kama digri 38 hadi 39. Mpe maji na kivuli. Mbwa anayefungwa mnyororo mfupi juani mchana kutwa anakuwa mkali kwa taabu, wala hamchagui mwizi na mgeni. Na wale wanaompa mbwa pilipili ili awe na ukali, wanampa ugonjwa wa tumbo tu.

Lakini uko ugonjwa mmoja unaoharibu sireni yenyewe. Ni kichaa cha mbwa, kile Wafaransa wanachokiita rage. Hapo mbwa mpole anakuwa mkali, anauma mbao, mawe, mnyororo wake. Au mbwa mkali anakuwa mpole ajabu, anajificha gizani, sauti inabadilika, taya la chini linaning'inia, mate yanatiririka, hawezi kumeza. Mwenyewe anawaza: mfupa umemkwama kooni. Anatia mkono kinywani kuutafuta. Usifanye hivyo kamwe! Ugonjwa umo katika mate yale.

Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, zaidi Afrika na Asia, na karibu wote wameupata kwa mbwa. Katika kila watu kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, kama wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Ugonjwa hauonekani upesi. Unatembea katika mishipa ya fahamu kuelekea ubongo, mara nyingi kwa muda wa miezi miwili au mitatu, pengine kidogo zaidi ya wiki moja, pengine mwaka mzima. Jeraha limekwisha pona, watu wamesahau. Ukishafika ubongoni, mgonjwa hupata homa, huogopa maji, naye hufa. Kabla ya kufika huko, unazuilika. Mwaka 1885 Pasteur alimdunga sindano Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto yule akaishi.

Basi mbwa akikuuma, hata kama jeraha ni dogo, hata kama ni mkwaruzo wa jino tu, kimbilia maji na sabuni kwanza. Osha kwa maji yanayotiririka, sabuni nyingi, muda wa dakika 15 kamili kwa saa. Utaona ni mrefu. Endelea. Sabuni inaua sehemu kubwa ya ugonjwa palepale jerahani. Usiweke makala, mafuta, pilipili wala majani. Jiwe jeusi, ambalo wengi wanaliweka hata kwa nyoka, halina kazi hapa. Kisha nenda hospitali siku ileile, wala usingoje kuona kama mbwa ataugua. Wengine wanaogopa kwa sababu ya habari za wazee, kwamba ni sindano nyingi za tumboni. Ilikuwa kweli zamani. Siku hizi ni chache, zinadungwa mkononi, kwa siku ambazo mganga atazipanga. Jambo moja: usiache katikati kwa kuwa jeraha limekauka.

Na mbwa wako, apelekwe kwa mganga wa mifugo apate sindano yake kila anapoambiwa arudi, na karatasi yake itunzwe pamoja na karatasi za nyumba. Kambi ambayo mbwa 70 katika kila 100 wamepata sindano, ugonjwa hauna njia ya kutembea humo. Mbwa wa jirani asiye na karatasi ni hatari yako pia, kwa hiyo zungumza na jirani kwa upole, kabla hakujatokea neno.

Mbwa aliyeuma, watu hupenda kumwua saa ileile. Mngoje. Kama haonyeshi kichaa na mnaweza kumfunga bila hatari, mfungeni mahali pa salama, mpeni maji na chakula kwa mbali, mumwarifu mganga wa mifugo. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na ugonjwa siku ile ya kuuma, ugonjwa utamwonyesha na kumwua kabla siku kumi hazijaisha. Akiwa tayari ana kichaa, asikaribiwe, aitwe mwenye kazi hiyo. Na ikilazimu kumwua, asipigwe kichwani, maana ubongo ndio unaopimwa. Lakini kama siku ya kumi inafika naye bado anakula, anabweka na kukojolea mti wake wa kila siku, nenda ukamwambie mganga wa hospitali. Yeye ndiye atakayesema kama sindano zilizobaki zinaweza kuachwa.