Kinga, msitu na vita: kusoma vilima vya Kolwezi

Ndugu zetu wa Goma na Masisi wanaijua chukudu, ile ya mbao inayoshuka milimani na viazi, mbao na makala. Kule Kolwezi, kusini mwa nchi yetu, kazi hiyo hufanywa na kinga, yaani baiskeli. Kila alfajiri vijana na baba wa familia hutoka msituni na mifuko mitatu au minne ya makala nyuma ya kinga zao. Mzigo huo huzidi kilo mia. Chuma cha kubebea kimechomelewa upya ili kisikatike, na spoku zimeongezwa au kukazwa. Mwenye kinga hapandi juu yake, anaisukuma. Penye mlima mrefu husukuma watu wawili. Penye mteremko, breki haziwezi kuuzuia mzigo, na hapo mtu hutumia mwili wake kuuvuta nyuma, kwa kuwa kuuachia ni kupoteza mzigo, na pengine kupoteza maisha.

Katika nchi nyingi, kupanda vilima kwa kinga nyepesi, yenye gia nyingi na magurudumu mapana, ni mchezo wa afya. Vilima vya Lualaba vingeufaa mchezo huo. Mji wenyewe uko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni kavu tangu Mei hadi Septemba, usiku wa Juni na Julai ni wa baridi, na njia za miguu zinapita kila mahali katika msitu. Lakini njia hizo hazikufunguliwa na wachezaji. Zilifunguliwa na wafua shaba, wachuuzi, wainjilisti, wakimbizi na askari. Kwa hiyo tunapenda kueleza yale ambayo kijana wa kanisa anapaswa kujua kabla ya kunyonga kinga katika vilima vile. Tunawaambia hayo hasa ninyi wa mashariki, kwa sababu wengi wenu mna watoto waliokwenda kutafuta kazi huko, na kwa sababu ninyi pia mnaishi katika milima inayokumbuka vita.

Msitu wa miombo na vilima visivyo na miti

Msitu wa Lualaba si kama ule wa Walikale, ambako jua halifiki chini. Huu ni miombo: miti imeachana, nyasi zinaota katikati yake, na wakati wa kiangazi majani hudondoka. Mnamo Septemba, kabla ya mvua ya kwanza, majani mapya hutoka yakiwa mekundu, na mgeni hudhani ni maua. Msitu huu huwapa watu uyoga, asali, viwavi vya kula, dawa na kuni.

Mwendesha kinga atakutana na jambo moja la ajabu. Katikati ya miti atafika kwenye kilima kilicho wazi, chenye nyasi fupi na maua madogo tu. Hakuna mtu aliyekata miti hapo. Ardhi yake imejaa shaba, na shaba nyingi ni sumu kwa mizizi ya miti. Mimea michache tu huvumilia udongo huo, na mmojawapo huitwa ua la shaba. Wazee wa zamani walilisoma ua hilo kama tunavyosoma kibao cha barabarani: chini ya hapa kuna madini.

Wafua shaba hao waliitwa walaji wa shaba. Wakati wa kiangazi walichimba, wakatengeneza makala kwa miti ya miombo, wakayeyusha mawe katika tanuru za udongo wa kichuguu. Kutoka hapo walitoa misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha na mahari, na ambayo imepatikana hata katika makaburi ya kale ya bonde la Upemba. Basi msalaba ulijulikana katika vilima hivi kabla ya Injili, ingawa kwa maana nyingine. Na makala yamekuwa ndugu wa shaba tangu mwanzo.

Shaba ndiyo iliyowavuta pia watu wa mbali. Msiri, mtu wa Unyamwezi katika Tanzania ya leo, alijenga ufalme wake Bunkeya katika karne ya 19 kwa biashara ya shaba, pembe za ndovu na, kwa huzuni yetu, watumwa. Mmisionari Mprotestanti Frederick Stanley Arnot alifika kwake mwaka 1886 baada ya safari ndefu kutoka kusini. Miaka mitano baadaye, Desemba 1891, Msiri aliuawa na msafara uliotumwa kwa niaba ya Leopold, mfalme wa Wabelgiji. Kwa hiyo Injili na bunduki zilifika Bunkeya karibu wakati mmoja, na kanisa halina budi kukumbuka yote mawili.

Kwa nini vita vilipita hapa

Ukiwa juu ya kilima karibu na Kolwezi unaona sababu kwa macho yako. Chini kuna migodi. Kutoka hapo, reli na barabara zinaelekea magharibi, Mutshatsha na Dilolo, hadi mpaka wa Angola. Kaskazini mto Lualaba umezuiwa na bwawa la Nzilo, lililojengwa miaka ya 1950 ili kutoa umeme wa migodi. Kusini msitu unaendelea hadi Zambia. Mwenye kushika mji huu anashika mali ya nchi, na msitu unamruhusu mtu kuukaribia bila kuonekana.

Katanga ilijitenga tarehe 11 Julai 1960. Mwisho wa kujitenga huko ulikuwa Kolwezi: Moïse Tshombe na askari wake walirudi nyuma mpaka hapa, wakatishia kulipua mabwawa. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliingia mjini Januari 1963 na mabwawa yakapona. Anayefika leo kwenye maji ya Nzilo anatazama kitu ambacho kingeweza kuwa kifusi.

Wengi wa askari wale wa Katanga walivuka hadi Angola. Huko walizeeka au wakazaa watoto uhamishoni, na kutoka kwao na wakimbizi wengine ikazaliwa FNLC ya Nathanaël Mbumba. Machi 1977 walirudi kutoka magharibi wakafika Mutshatsha. Serikali ya Mobutu ilisaidiwa na askari wapatao 1,500 wa Moroko, nao wakasukumwa nje mnamo Mei. Watu wa Katanga huviita Vita vya Siku 80. Ni katika vita hivyo daktari mmisionari Glen Eschtruth, Mmetodisti wa Marekani aliyehudumu katika hospitali ya Kapanga, aliuawa. Maelfu ya wanakijiji, hasa Walunda, walikimbilia Angola kwa kuogopa adhabu ya jeshi.

Mwaka uliofuata walipita Zambia na msituni, wakauteka mji wa Kolwezi tarehe 13 Mei 1978. Tarehe 19 Mei askari wa miamvuli wa Ufaransa walirukia mji huo, na kesho yake Wabelgiji wakafika. Ndivyo vinavyoitwa Vita vya Siku Sita. Wazungu zaidi ya mia moja waliuawa, na Wakongomani kwa mamia. Vitabu vya Ulaya vimesimulia sana habari za Wazungu na za wanajeshi waliowaokoa. Wakongomani wengi waliokufa wanakumbukwa na jamaa zao tu, na jamaa hao sasa ni wazee.

Tena kuna jeraha ambalo watu hawaliiti vita. Tangu mwaka 1992, majirani wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga, Kolwezi ikiwemo. Mamia ya maelfu walipoteza makao. Familia zililala siku nyingi kwenye kituo cha treni zikingoja behewa la kuwapeleka katika nchi ambayo watoto wao hawakuwahi kuiona. Walioimba katika kwaya moja walitengana bila kuagana.

Msitu unaopungua

Leo kinga inabeba historia nyingine. Umeme unatoka Lualaba na shaba inakwenda ulimwenguni pamoja na kobalti ya betri, lakini jikoni mwa Kolwezi sufuria bado inakaa juu ya makala. Mji unakua, na msitu unarudi nyuma. Mwenye kinga ambaye zamani alipata miti karibu sasa anakwenda mbali zaidi kwa bei ileile.

Tusimhukumu haraka mtu huyo. Hana mgodi wala mshahara. Ana miguu yake. Tena miombo ina neema yake: mti ukikatwa, kisiki na mizizi huchipuka upya. Kinachoua msitu ni kukata na kisha kulima palepale, na moto wa mwisho wa kiangazi, Septemba na Oktoba, unaochoma machipukizi. Moto wa mapema, mwezi wa tano au wa sita, nyasi zikiwa bado na unyevu, huharibu kidogo. Kanisa la kijijini linaweza kufundisha jambo hili bila kungoja msaada wa mtu. Kumbukumbu la Torati sura ya 20 inaeleza kwamba Mungu aliwakataza Waisraeli kuangamiza miti ya matunda hata walipouzingira mji wa adui. Kama mti ulihurumiwa wakati wa vita, je, si zaidi wakati wa amani? Ninyi wa Virunga mnaelewa, kwa kuwa mmeona makala ya msitu yakigeuka fedha za wenye silaha.

Kwa vijana wanaotaka kwenda

Kikundi cha vijana kikitaka kupanda vilima hivi, tunashauri hivi. Nendeni wakati wa kiangazi, na mtoke mapema. Jiepusheni na barabara kuu ya Likasi, kwa sababu malori ya madini hayampishi mwenye kinga na vumbi huwaficha ninyi machoni pa dereva. Ombeni ruhusa kwa chifu wa kila kijiji. Msiingie katika eneo la kampuni ya madini. Mkiona nyasi ndefu karibu na machimbo ya zamani, shukeni mtembee, kwa kuwa mashimo ya wachimbaji hayana uzio. Mkikuta kitu cha chuma kinachofanana na risasi kubwa au bomu, msikiguse wala msikipige jiwe. Rudini kwa njia mliyoijia, mkawaambie wakubwa wa kijiji.

Mkikutana na msukuma makala mlimani, mpisheni kwanza, kisha saidieni kusukuma. Yeye ndiye mwalimu wa njia.

Na jioni, kaeni na wazee. Katika Yoshua sura ya 4, mawe kumi na mawili yaliwekwa ili siku moja watoto waulize maana yake na wazazi wajibu. Vilima vya Kolwezi ni mawe ya namna hiyo, lakini jibu liko vinywani mwa watu wachache. Waulizeni walikuwa wapi Mei 1978. Waulizeni majina ya majirani waliopanda treni ya Kasai. Sikilizeni Mlunda, Msanga, Mluba na mtu wa Kasai, kila mmoja, bila kuamua nani aseme kweli ya mwisho. Andikeni majina ya waliokufa katika daftari la parokia, ya kila upande, na Jumapili moja yasomwe mbele ya ushirika wote.

Kazi hiyo haihitaji kinga ya bei kubwa, na inawezekana pia Beni, Bunia, Uvira na Fizi.