Nywele Yangu, Hairs za Mama

Nilipokuwa na miaka 12 nilimsahihisha Mama mbele ya mwalimu wangu hapa Leicester. Alisema, "Her hairs are long." Nikadakia, "Hair, Mama! Hair!" Mwalimu akatabasamu. Mama hakusema neno mpaka tunafika nyumbani.

Shuleni tulifundishwa kwamba Kiingereza kina nomino zinazohesabika, kama book, wingi books, na zisizohesabika, kama furniture, advice na information. Hizi za pili hazipewi s. Nywele zote za kichwani, kwa jumla, ni hair tu.

Basi juzi nikampigia Bibi, Tanga. "Bibi, nywele yangu inakatika." Akajibu taratibu, "Zinakatika, mjukuu wangu? Pole." Hakunicheka.

Ndo nikashtuka. Kiswahili kinazihesabu: unywele mmoja, nywele nyingi. Mama alikuwa anabeba Kiswahili kwenye Kiingereza, mimi nabeba Kiingereza kwenye Kiswahili. Kosa ni lile lile, limegeuzwa tu.

Jioni nikamwomba Mama radhi. Akaniangalia, akauliza, "Kwa hiyo ni hair au hairs?" Tukacheka sana.

Wewe je, ulishawahi kumsahihisha mzazi mbele za watu?