Bunduki Ikiingia Bomani: Tuzuie Risasi Isiyokusudiwa

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji na mikopo ya vikundi. Leo tunazungumza juu ya kitu ambacho wengi wetu hatuna, lakini kinaweza kutufikia siku yoyote. Kitu hicho ni bunduki.

Jambo lilianza kwa swali. Kikundi kimoja cha akina mama kilituambia kwamba siku ya mkutano wao, mume wa mwenye nyumba alirudi kutoka kazini na bunduki. Akaiegemeza ukutani karibu na kabati, akaketi kunywa chai. Watoto walikuwa wakicheza hapo hapo. Akina mama wote walinyamaza. Walipokuwa njiani kurudi nyumbani ndipo mmoja akasema, "Mimi hata hesabu ya pesa sikuisikia. Macho yangu yalikuwa kwa ile bunduki." Sasa wanauliza: je, ni adabu kumwambia mwenye boma aondoe bunduki yake? Na kama ni adabu, tuseme nini?

Jibu letu ni kwamba ni adabu, tena ni wajibu. Lakini ili tuseme vizuri, kwanza tuelewe jambo lenyewe.

KWANI BUNDUKI ZIKO WAPI?

Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, kwa hiyo hakuna mtu wa kijiji mwenye bunduki halali ya kuwinda. Hata hivyo, bunduki ziko. Wako polisi wanaolinda benki na ofisi. Wako askari wa wanyama na askari wa misitu katika Mlima Kenya na Aberdare. Pande za Laikipia wako polisi wa akiba, ambao ni raia kama sisi, wanaokaa na familia zao. Wako pia wafanyabiashara na wenye mashamba makubwa waliopewa cheti cha silaha. Na, tuseme ukweli, ziko zile za magendo ambazo hazina cheti.

Hawa wote wana wake, waume, watoto na majirani. Kwa hiyo bunduki ni jambo la kijiji kizima, si la mwenyewe peke yake.

AJALI AU UZEMBE?

Waswahili husema ajali haina kinga. Methali hii ni ya kumfariji aliyefiwa. Isiwe ya kumfunika aliyezembea.

Biblia yenyewe inatenganisha mambo haya mawili. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kuna habari ya ng'ombe dume aliyemuua mtu kwa pembe. Ikiwa ng'ombe huyo hakuwa na tabia hiyo, mwenyewe hana hatia. Lakini ikiwa alikuwa na tabia ya kupiga, na mwenyewe alionywa asimfunge, hapo mwenyewe ana hatia ya damu. Kila mfugaji wa Nyeri anaelewa neno hili.

Sasa, ndugu msomaji, bunduki ni ng'ombe wa aina gani? Ni yule anayejulikana tangu siku aliyonunuliwa kwamba anaua. Hakuna mwenye bunduki anayeweza kusema hakuonywa.

Sheria ya Kenya inasema hivyo pia. Sheria ya Silaha, sura ya 114, inamtaka mwenye silaha aitunze mahali salama. Na Sheria ya Jinai, sura ya 63, inasema mtu akisababisha kifo kwa uzembe unaostahili lawama, hilo ni kosa la kuua bila kukusudia. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Kusema "sikujua kama ina risasi" hakumtoi mtu hatiani.

Bunduki nzima haijifyatui yenyewe ukutani. Mara nyingi kuna kidole kilichogusa triga, au bunduki mbovu iliyoanguka, au mkono wa mtoto. Yote matatu yana kinga.

KANUNI NNE

Watu wanaofundisha matumizi ya silaha duniani kote hurudia kanuni nne. Si ngumu. Hata asiye na bunduki azijue, ili aweze kumkumbusha aliye nayo.

Ya kwanza: Kila bunduki ina risasi. Usiseme "hii ni tupu." Wengi hudhani kwamba ukishatoa magazini, yaani kile kikasha cha risasi, bunduki imekuwa tupu. Sivyo! Risasi moja inaweza kuwa imebaki ndani, mahali inapolipukia, na hiyo moja yatosha. Oktoba 2021 huko New Mexico, Marekani, watu walikuwa wakitengeneza filamu. Mwigizaji alipewa bastola iliyosemekana kuwa haina risasi ya kweli. Ikalipuka na kumuua mpiga picha wa filamu hiyo, Halyna Hutchins. Mtunza silaha wa filamu alihukumiwa miezi 18 jela mwaka 2024. Kama wenye kazi hiyo wanakosea, mimi na wewe tutajuaje kwa macho tu?

Ya pili: Mdomo wa bunduki usielekezwe kwa mtu, hata kwa mzaha. Usielekezwe kwa mguu wako mwenyewe, wala kwa abiria mwenzako ndani ya matatu. Kanuni hii ina faida kubwa: hata zile nyingine zikivunjwa na bunduki ikalia, risasi itaingia udongoni na hakuna atakayezikwa.

Ya tatu: Kidole kikae nje ya triga mpaka mtu ameamua kufyatua. Mtu akijikwaa, akishtuka au akiteleza kwenye matope, vidole hujikunja vyenyewe. Jaribu: shika kikombe, halafu mwenzako akushtue. Utaona mkono wako unavyobana.

Ya nne: Jua unachokilenga, na kilicho nyuma yake. Risasi ya bunduki kubwa hutoka kwa mwendo wa zaidi ya mita 700 kwa sekunde moja, na yaweza kwenda zaidi ya kilomita 2. Nyumba zetu nyingi ni za mbao na mabati, na hizo hazizuii risasi. Kupiga hewani pia si salama, maana kilichopanda lazima kishuke.

Hapa tuna mifano ya kwetu. Mwaka 2006, katika shamba la Soysambu karibu na Ziwa Elmenteita, fundi wa mawe alikufa kwa risasi. Mwenye bunduki, Tom Cholmondeley, alieleza kwamba alikuwa akiwapiga mbwa wa wawindaji haramu. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Na Machi 2020, polisi walipokuwa wakisimamia kafyu Kiamaiko, Nairobi, mtoto wa miaka 13 aliyekuwa amesimama kwenye roshani ya nyumba yao, ghorofa ya tatu, alipigwa risasi akafa. Polisi walisema ni risasi iliyopotea. Kwa mama aliyefiwa, hakuna risasi iliyopotea.

BUNDUKI INAPOKAA NYUMBANI

Mwenye bunduki halali afanye hivi:

1. Aifungie ndani ya sanduku au kabati la chuma lililofungwa ukutani au sakafuni. Chini ya godoro, juu ya kabati, darini au ndani ya gunia la mahindi si mahali pa bunduki. Watoto wanajua kila kitu kilichofichwa nyumbani, hata sukari.

2. Risasi zikae mahali pengine, zimefungwa, na ufunguo awe nao yeye mwenyewe.

3. Asiingie ndani na bunduki iliyo tayari kulia. Aitoe risasi nje, mahali pa wazi, mdomo ukielekea udongoni pasipo na mawe. Aanze kwa kutoa magazini, halafu atoe ile ya ndani, kisha aangalie kwa macho na kupapasa kwa kidole. Kazi hii ni ya aliyefundishwa tu.

4. Asitegemee kile kidude cha kuzuia triga. Ni chuma kama chuma kingine, huchakaa na husahauliwa.

5. Bunduki na pombe visikae meza moja. Akitaka kunywa, silaha iwe imefungiwa kwanza.

6. Bunduki yenye kutu au iliyolegea irudishwe kwa wenye kujua. Wazee wetu wanakumbuka: wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya 1950, wapiganaji wa msituni walitengeneza bunduki kwa bomba la maji, mbao, komeo la mlango na mpira. Walikuwa mashujaa wasio na njia nyingine. Lakini baadhi ya bunduki hizo zililipukia mikononi mwa wenyewe. Chuma kibovu hakichagui.

Kwa watoto tufundishe maneno manne, wayaimbe kama wanavyoimba jedwali la hesabu: Simama. Usiguse. Ondoka. Mwambie mkubwa. Waswahili walisema mtoto akililia wembe mpe. Wembe utamkata kidole, naye atajifunza. Bunduki haimpi mtu nafasi ya kujifunza.

CHUMA KINACHOOKOTWA

Wafugaji na watoto wa pande za Nanyuki na kaskazini yake wana hatari nyingine. Majeshi yamefanya mazoezi huko kwa miaka mingi, na mabomu mengine hayakulipuka siku yake. Wachungaji waliyaokota. Wengine walikufa, wengine walipoteza mikono na macho. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa zaidi ya watu 200, wengi wao Wamaasai na Wasamburu, kwa madhara yaliyotokea sehemu za Dol Dol na Archers Post. Pesa hizo zilisaidia, lakini hazikuotesha mkono wa mtu.

Basi ukiona risasi, bomu, au chuma usichokijua, iwe malishoni, shambani au ukingoni mwa msitu, usikiguse, usikipige teke, usikitupe motoni. Usikibebe kwenda kuuza kwa wanaonunua vyuma chakavu. Weka alama kwa mbali, kama kitambaa juu ya tawi, rudi kwa njia uliyoijia, na umwambie chifu au polisi. Ni vivyo hivyo ukikuta bunduki imefichwa mahali. Usiibebe wewe kupeleka kituoni. Waite wenye kazi waje. Kama unaogopa, pitia kwa mchungaji au padre wako, au mzee wa Nyumba Kumi.

IKIWA MTU AMEPIGWA RISASI

Kwanza hakikisha bunduki haiko tena mikononi mwa mtu. Kisha chukua kitambaa safi, bonyeza jeraha kwa nguvu, wala usiachilie kila dakika kuangalia. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Kama ni mkono au mguu na damu inaruka bila kukoma, funga kwa kitambaa kipana juu ya jeraha, kaza mpaka damu isimame, na ukumbuke saa uliyofunga. Usijaribu kutoa risasi. Usimpe chakula wala maji. Mfunike asipate baridi, maana baridi ya mlimani humaliza mgonjwa.

Piga 999 au 112, au tafuta gari lolote na kumkimbiza hospitali iliyo karibu. Usianzie kituoni. Fomu ya P3 itajazwa baadaye. Damu haingoji fomu.

SASA TUSEME NINI?

Turudi kwa akina mama wetu. Tunajua ugumu wao. Mwenye bunduki ni mtu mzima, ana kazi ya serikali, nao wako nyumbani kwake. Lakini kuna namna ya kusema. Mwenyekiti wa kikundi angeweza kusimama na kusema hivi: "Baba, tunakushukuru kwa kutulinda. Tunaomba uweke kazi yako mahali pake ndipo ukae nasi tunywe chai, kwa sababu watoto wako hapa." Hakuna matusi hapo. Mtu mwenye nidhamu ataona haya kidogo, kisha atashukuru. Na akikasirika, heri hasira ya jioni moja kuliko matanga.

Njia iliyo bora zaidi ni kuweka kanuni kabla ya siku hiyo kufika. Kikundi kiandike katika kitabu cha mkutano: hakuna silaha ndani ya chumba cha mkutano. Kanuni ikishaandikwa, hatumkosoi mtu. Tunamsomea kanuni. Makanisa yafanye vivyo hivyo kwa arusi na harambee, na mtu yeyote asipige risasi hewani kwa furaha.

Kwa mke wa askari tunasema: wewe si lazima ujue kuitumia, lakini una haki ya kujua imefungiwa wapi na ufunguo uko na nani. Uliza leo, mkiwa mmetulia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni nyumba gani watoto wetu huenda kucheza ambazo zina silaha? Nani ataongea na wenyewe, na kwa heshima gani?

2. Je, watoto wetu wanajua yale maneno manne? Nani atawafundisha katika Shule ya Jumapili?

3. Mtu akiumia usiku, gari la nani litampeleka hospitali? Tuna nambari yake ya simu?

Yule ng'ombe wa kitabu cha Kutoka hakuua kwa sababu alikuwa na pembe. Aliua kwa sababu hakufungwa. Tukumbushane kufunga. Mungu awalinde na nyumba zenu.