Nyumba za mapumziko Meru: Mgeni wa ndege huja wengine wakiondoka

MWENYE akiba kidogo anayeishi Kijenge, na ambaye ana kiwanja au robo ekari upande wa Tengeru au Usa River, ana njia mbili za kuitia fedha yake katika vyumba. Anaweza kujenga safu ya vyumba vya kupangisha, au nyumba ndogo ya mapumziko ya kulaza wageni. Michuano ya soka ya Afrika ya 2027, iliyokabidhiwa Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 2023, imewavuta wengi kwenye hesabu ya vitanda. Lakini mpira ni wa wiki chache tu. Katika eneo hili la Meru kuna mteja mwingine anayerudi kila mwaka, na wajenzi wengi hawamfikirii: mtazama ndege.

Soko la vitanda Arusha linafahamika. Wageni hujaa kuanzia Juni hadi Oktoba, hurudi tena Krismasi hadi Februari, kisha masika huingia na hoteli hubaki na wahudumu wanaofuta vumbi. Wengi wao hulala Arusha usiku mmoja tu, wakitoka uwanja wa KIA kwenda Serengeti au Ngorongoro. Kitanda cha usiku mmoja kina gharama kubwa, kwani shuka hufuliwa kila siku, na gari la kumpokea mgeni hutoka kila siku.

Kalenda ya mtazama ndege ni tofauti. Korongo weupe, keremkerem na wahamiaji wengine wa Ulaya na Asia huwapo nchini kuanzia Novemba hadi Machi na Aprili. Mvua zinapoanza, mnana na kweche huvaa manyoya ya rangi kali na kujenga viota. Kwa maneno mengine, mwezi ambao wakala wa safari anapunguza bei ndio ambao ndege wanapendeza zaidi kutazamwa. Tena mgeni huyu hakai usiku mmoja. Siku tatu hazimtoshi.

Sababu ni kwamba kutoka kitanda kimoja cha Usa River anafika sehemu tatu zisizofanana. Duluti, ziwa dogo la kreta lililozungukwa na msitu pale Tengeru, lina furukombe, mdiria na mnandi, na huzungukwa kwa miguu asubuhi moja. Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960, ina ndege zaidi ya aina 400. Maziwa yake ya Momella yana maji ya magadi yanayolisha heroe, au flamingo kama wanavyoitwa na wengi. Upande wa kaskazini, kando ya barabara ya Namanga karibu na Engikaret, kuna tambarare kavu ya nyasi fupi anakoishi kipozamataza wa Beesley, ndege mdogo wa rangi ya vumbi. Mtu asiyejua atampita bila kugeuka. Hata hivyo eneo hilo la kaskazini ya Arusha ndilo pekee duniani anakojulikana, na wako wanaopanda ndege kutoka London kwa ajili yake.

Wakubwa waliligundua hili zamani. Rivertrees na Ngare Sero, zote za Usa River, hulaza wageni katika mazingira ya mashamba ya zamani, na miti mirefu ndiyo sehemu kubwa ya bidhaa yao. Kule Momella, Hatari Lodge ipo katika shamba lililokuwa la mwigizaji wa Ujerumani Hardy Krüger, aliyekuja kucheza filamu ya “Hatari!” iliyotoka mwaka 1962. Mwekezaji mdogo hawezi kushindana nao kwa sahani. Ila kivuli anacho, kama hajakikata.

Na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kitu cha kwanza kufanywa kiwanjani ni kung'oa miti ili tofali zipate nafasi, kisha hujengwa ukuta, kisha baa. Mgeni wa ndege anataka mkuyu wenye matunda, maji yanayotiririka, chai saa 11:30 alfajiri na ukimya. Jenereta na muziki wa jirani humwondoa kabla ya usiku wa pili. Mwongozaji anayejua milio ya ndege ana thamani kuliko televisheni ya chumbani, na wa aina hiyo si wengi.

Hesabu, kwa mfano tu. Nyumba ya vyumba viwili ikikodishwa nzima kwa dola 80 na kulaza wageni usiku 120 kwa mwaka, inaingiza dola 9,600. Wakala akichukua robo, zinabaki 7,200. Bado kuna leseni ya biashara ya utalii chini ya sheria ya 2008, tozo ya kila usiku wa kitanda, mpishi, mlinzi na umeme. Kwa mauzo hayo mwenye nyumba yuko chini ya kiwango cha kusajiliwa kwa VAT, kilichopandishwa mwaka 2023 kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200. Mboga na matunda apate sokoni Tengeru, Jumatano na Jumamosi, bila nauli ya mjini.

Hatari haikosekani. Mwaka 2019 watalii walioingia nchini walizidi milioni 1.5; mwaka 2020 kwa sababu ya korona walishuka hadi kama 620,000. Waliokopa benki kwa dola waliumia kuliko waliojenga kwa akiba, chumba kimoja kimoja. Nyumba inayoweza kupangishwa kwa mkazi wageni wakikosekana ina kinga ambayo hema la kifahari halina.

Mawakala wa Ulaya wanaouza safari za ndege huchapa bei zao mwaka mmoja kabla. Anayewataka wageni wa Novemba awe na bei yake ya maandishi, picha za miti na orodha ya ndege wa kiwanjani mezani kwao tangu Novemba iliyotangulia.